Kitufe cha Simjui

Mtoto wa baba yangu mdogo alisema mbele ya serikali kwamba hamjui binti yangu. Alisema neno moja tu, "Simjui," halafu akafungua chupa ya maji akanywa. Neno hilo nimeishi nalo miaka saba, na mtu asije kuniambia kwamba miaka saba ni mingi kwa neno moja. Waliosoma wana madaftari ya kuwekea mambo. Mimi nimeweka kichwani, na kichwani kwangu panya hafiki.

Nianze na mimi ni nani, maana ugomvi wetu wote unatokana na swali hilo. Sikusoma. Nilikaa shuleni miaka miwili, mwalimu wa kutoka bara akanichapa kwa sababu nasema b mahali pa p, nikarudi kwa ngamia. Kiswahili nilifundishwa na madereva wa malori ya Wajir, ndiyo maana kina matusi mengi kuliko salamu. Nilipofika umri wa kuchukua kipande, yaani kitambulisho, nilikwenda ofisi ya serikali hapa Garissa, nikasimama wima, nikasema, "Nataka kibande." Karani akasikia kibanda. Akanituma ofisi ya soko. Kule wakanipa fomu, nikaweka dole gumba, na baada ya wiki nikaonyeshwa hatua sita za ardhi ubavuni mwa soko la mifugo. Kipande chenyewe nilikipata mwaka uliofuata. Wakati huo nilikuwa nauza kamba, kengele za mbao za ngamia na dawa ya kupe. Nyumba yangu ya mawe hapa Waberi, tangi langu la maji, malori yangu mawili, vyote vimetoka kwenye herufi moja niliyoshindwa kuitamka. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Lakini palikuwa na ukame katikati. Mtu hanunui kamba ya kumfunga ngamia aliyekufa. Nilifunga kibanda. Mke wangu alikuwa mjamzito, na binti yangu alikuwa na miaka saba na miguu myembamba kama mswaki. Hagadera, ndani ya kambi, kulikuwa na mahindi, mafuta na maharagwe, na sharti lilikuwa moja: uwe mkimbizi.

Mtoto wa baba mdogo ndiye aliyeleta shauri. Yeye alimaliza kidato cha nne, alijua jinsi ya kuongea na watu wa ofisi. "Semeni tumevuka mpaka," alituambia. "Msiseme mengi. Mwenye njaa haongei sana, wataamini." Tukasimama foleni moja juani, yeye mbele na wanawe wawili, mimi nyuma yake na binti yangu. Kulikuwa na kioo kidogo chenye mwanga wa kijani. Wanawe wakaweka vidole. Binti yangu akaweka vidole. Tulipotoka nje akavitazama, akaniuliza, "Aabo, watanirudishia?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Si hivi hapa mkononi? Wamechukua nini?"

Tulikula chakula kile mpaka mvua ikanyesha, tukarudi Waberi, nikaichoma kadi ya kambi kwenye moto wa chai. Nilidhani nimeuchoma ukimbizi wenyewe.

Sasa sikiliza kilichofuata. Binti yangu alitimiza miaka kumi na minane, nikampeleka mwenyewe kutafuta kipande, nikiwa nimevaa kofia mpya. Akaweka vidole kwenye mtambo wa serikali. Mtambo ukasema ni mkimbizi wa Hagadera. Ofisa alikuwa mtu wa bara, kijana mpole mwenye msalaba mdogo shingoni. Sina neno naye. Akasema, "Mzee, mtambo unasema huyu si Mkenya."

"Mtambo una umri gani? Mimi ndiye nilimzaa huyu."

"Basi kamati ya wazee itatwambia. Wakimjua, tutaandika."

Wazee walikuwa watatu. Wawili walikuwa wageni mtaani kwetu, wakasema watafuata kauli ya huyu wa tatu kwa sababu ni damu yangu. Wa tatu ndiye mtoto wa baba mdogo. Binti yangu amempelekea chai mtu yule tangu awe na nguvu ya kunyanyua birika. Alipoulizwa alimtazama miguu, hakumtazama uso, akasema, "Simjui. Watoto wa siku hizi ni wengi." Binti yangu akaanza kuhesabu ukoo wetu kwa sauti, baba, babu, baba wa babu, ile tunayoiita abtirsi. Kila mtoto wetu hufundishwa hiyo kabla hajajua kufunga viatu. Alifika babu wa kumi na nne, mzee mmoja akamkatiza: "Huenda umekariri. Watu wanakariri."

Nilijua kwa nini mtoto wa baba mdogo alisema hamjui. Wanawe wawili walipata vipande mapema, kabla mitambo ya kambi na mitambo ya serikali haijaanza kusemezana. Angekiri kwamba binti yangu alikuwa kwenye foleni ile, wangemuuliza yeye alijuaje. Nilikuwa na neno mdomoni la kuwaangusha wanawe wote wawili palepale. Mmoja wao ni mwalimu, ana watoto wadogo. Nililimeza. Bado liko tumboni.

Kwa hiyo binti yangu alisomea uuguzi hapa hapa Garissa na akafaulu, lakini hawezi kusajiliwa, maana kusajiliwa kunataka kipande. Hawezi kuvuka daraja la Tana, maana askari wa darajani anataka kipande. Laini ya simu yake imeandikwa jina langu. Mtu mzima wa miaka ishirini na tano anaishi ndani ya jina langu kama mpangaji, anafungasha dawa kwenye duka la mtu mwingine.

Mimi nikaanza kazi yangu ya kuchukia. Niliifanya vizuri, kama ninavyofanya kazi zangu zote. Sikunywa chai yake. Harusini nilisalimia ukuta uliokuwa karibu naye. Nikimwona sokoni nilikuwa nauliza kwa sauti, "Yule ni nani? Mimi simjui." Watu wakicheka, yeye alikuwa anajifanya anaangalia meno ya ngamia.

Miaka mitatu iliyopita chama chetu cha wauza mifugo kilileta mambo ya pochi kwenye simu. Mwalimu wetu alikuwa binti wa hapa mjini aliyesomea kompyuta, mwenye sauti ya kuamrisha kama nyanya yangu. Alitukusanya ukumbini, wazee zaidi ya thelathini, akatueleza hivi. Kila mtu atakuwa na pochi yake ndani ya simu. Humo mtaweka alama za ngamia wenu, vyeti vya chanjo, na ushahidi wa watu waliowahi kufanya biashara na nyinyi. Mnunuzi wa ng'ambo ataona ninyi ni nani bila kumuuliza ofisa yeyote. Nakala ziko kwenye mashine nyingi sana duniani, hazina mwenyewe mmoja. Ufunguo uko kwako.

Nikanyoosha mkono. "Nani bosi wake?"

"Hana bosi, adeer," akasema. Ndivyo tunavyomwita baba mdogo, au mzee yeyote tunayemheshimu.

"Na karani?"

"Hakuna karani. Hakuna ofisi. Hakuna mtu anayeweza kukufuta wala kukuandika vingine. Wewe ndiye unayejishika."

Nilipiga makofi peke yangu ukumbi mzima. Nilisimama kabisa. Miaka yote nilikuwa nangoja mtu aseme maneno hayo.

Halafu akampa kila mtu maneno kumi na mawili ya Kiswahili. Yakifuatana sawasawa, ndiyo ufunguo wenyewe. Akasema tuyashike moyoni kwa mpangilio. Hapo ndipo tulipoharibu. Kwetu mpangilio wa majina unaushika ili uutangaze, na asiyeutangaza ndiye anayeshukiwa. Mzee mmoja wa ngamia akasimama, akashika fimbo, akayamimina yote kumi na mawili kwa sauti kama anahesabu ukoo wake: ndoo, kufuli, jioni, pamba, mpaka mwisho. Kabla hajakaa mwingine alikuwa amesimama, anataka kuonyesha kwamba yeye hakosei. Wakafuata wanne.

"Adeer! Wazee! Ni siri hiyo!" yule binti akapiga kelele.

"Siri?" akajibu yule wa kwanza. "Nani anaficha ukoo wake? Mwanaharamu?"

Ilibidi wapewe maneno mapya, na tukaapishwa kunyamaza. Mimi yangu niliyashika kwa kusikia mara moja, na mpaka leo sijayaandika popote. Mtoto wa baba mdogo, msomi, aliona kukariri ni kazi ya washamba. Aliyaandika kwenye karatasi, akaipiga picha kwa simu yake, karatasi akaichana. Nilimwona. Sikusema kitu.

Mwisho yule binti akasema kila mtu achague walinzi watatu. Simu ikipotea, walinzi wawili wakithibitisha kwamba wanakujua, ufunguo unarudi. "Chagueni watu ambao hawawezi kuwageuka," alisema. Mtoto wa baba mdogo akamtaja shemeji yake. Akamtaja yule mzee wa ndoo na kufuli. Kisha akanyamaza, na wazee wote wakamgeukia. Kwetu mtu akitaja wadhamini akamruka mtoto wa baba yake mdogo aliyekaa palepale, ni sawa na kuvua nguo. Mmoja akasema, "Mbona humtaji ndugu yako? Amekufa?" Basi akanitaja. Alilitema jina langu kama kokwa ya tende. Simu yangu ikalia, nikakubali, nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa na ana subira kama yangu.

Yule mzee wa ndoo na kufuli alifariki Ramadhani iliyopita, Mungu amrehemu. Mtoto wa baba mdogo hakuweka mwingine mahali pake. Wasomi huahirisha.

Halafu ikafika ile Jumatatu. Alikuwa sokoni akisimamia ngamia wa kupakiwa, wanunuzi wa ng'ambo wanawangoja, lori la mwisho linaondoka Ijumaa. Simu ikamtoka kwenye shuka aliyojifunga kiunoni. Ngamia jike akaikanyaga, akasimama juu yake, akatulia kama aliyelipwa. Waliokuwepo wanasema alimsukuma, akampiga, akamwomba. Ngamia anatafuna tu. Alipoondoka ilibaki unga, na ile picha ya maneno kumi na mawili ilikuwa humo.

Shemeji yake akabonyeza mara moja kwamba anamjua. Akabaki mlinzi mmoja tu duniani, naye ni mimi. Baada ya swala ya alasiri akaja nyumbani kwangu, mara ya kwanza kwa miaka saba. Tuliongea Kisomali. Nasimulia hapa kwa Kiswahili, lakini ukali ni uleule.

"Assalaamu aleykum, ina-adeer." Maana yake mtoto wa baba yangu mdogo.

"Waaleykum salaam. Karibu. Wewe ni nani?"

Akacheka, akidhani natania. Nikamkalisha mkekani, mimi nikakaa kwenye kiti. Nikaweka simu gotini. Ilikuwa imeshafungua lile swali, na picha yake juu: Je, unamjua mtu huyu? Chini vitufe viwili. Kimoja Namjua. Kimoja Simjui. Wallahi si mimi niliyeyaweka maneno yale. Yalikuwemo.

"Kuna swali hapa," nikamwambia. "Ni jambo la kisheria. Tufuate utaratibu. Jina la baba?"

"Warya, wewe, acha mchezo."

"Jina la baba."

Akalitaja. Babu, akamtaja. Baba wa babu. Akaenda mpaka wa ishirini, anajua, siwezi kumnyima hilo.

"Huenda umekariri," nikasema. "Watu wanakariri."

Hapo akanielewa. Uso ukamshuka.

"Babu yangu ndiye babu yako," akasema.

"Una cheti cha kuzaliwa?"

"Nilizaliwa chini ya mgunga, unajua vizuri. Mama yako ndiye aliyenikata kitovu."

"Mama yangu ni marehemu. Shahidi aliye hai unaye? Huna. Rudi kesho na barua ya chifu."

Hamtaamini, Jumanne alirudi na barua ya chifu. Mtu mzima, mjumbe wa kamati, alikwenda kwa chifu kuandikiwa barua kwamba yeye ni yeye. Niliishika juani, nikaigeuza, nikaigeuza tena. "Muhuri haujagusa picha," nikamwambia. Binti yangu alirudishwa mara mbili kwa sababu ya muhuri ambao haukugusa picha. "Rudi kesho na wazee wawili."

Jumatano alikuja adhuhuri, peke yake. Hakungoja kukaribishwa.

"Sema unachotaka."

"Unakijua. Kesho kamati inakaa. Binti yangu ameitwa tena, faili yake imefunguliwa upya. Nenda useme unamjua. Mimi nitasema nakujua."

"Wakiniuliza nilimwona wapi?"

"Utasema."

"Wanangu watavuliwa vipande. Huelewi. Ulikuwa hujui wakati ule kwamba wanangu nao..."

"Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni," nikamwambia. "Mkubwa alivaa shati jekundu. Mdogo alilia kwenye kile kioo ukamfinya sikio."

"Ulijua? Siku ile mbele ya kamati ulikuwa unajua?"

"Siku zote."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Akasimama, akaweka viatu vyake sawa, mguu huu, kisha ule. "Umenishika pabaya," akasema, akatoka. Hakukubali wala hakukataa.

Mtu mwenye akili angengoja kesho. Nilijua hivyo hata wakati ule, sitajifanya mjinga hapa. Lakini mimi miaka saba sikungoja jibu lake. Nilingoja kumpa la kwangu. Nikaswali alasiri, nikanywa chai yenye sukari nyingi, nikavaa miwani. Nikabonyeza Simjui. Simu ikauliza kama nina uhakika, kwamba nikikubali pochi hii haitafunguka tena. Nikabonyeza tena. Nilisikia raha, na atakayeniambia kwamba kisasi hakina raha hajawahi kukifanya. Ilinipanda kutoka miguuni. Nikamwita mke wangu aje anione nilivyo. Alama zake za ngamia, vyeti vyake, ushahidi wa watu wote waliowahi kumwamini, vyote vimefungiwa ndani na hakuna anayeweza kuingia, yeye wala mimi. Kwa wale wanunuzi, mtoto wa baba mdogo hakuwahi kuzaliwa.

Binti yangu aliporudi kutoka dukani alikuwa ameshapata habari. Hakuketi.

"Aabo, umebonyeza?"

"Nimebonyeza. Nimekulipizia."

"Mke wake amepita dukani. Alikuwa amempigia pasi kanzu. Mume wake ameita wanawe wote wawili, amewaambia wajiandae, kesho atasema kila kitu." Alikuwa anaongea polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa namna ya kumeza dawa. "Alikuwa anakuja, aabo. Sasa atakuja kwa nini? Umemwachia sababu gani?"

"Ungemwamini mtu yule?"

"Nilihitaji kumwona tu. Ulikuwa na kitu kimoja mkononi cha kumfanya aseme, na kilikuwa changu, si chako." Akavua ushungi wa kazi, akaukunja. "Hagadera ni wewe uliyenishika mkono nikaweka vidole. Na leo kidole ni chako."

Nilimwambia asinipandishie sauti. Hakuwa ameipandisha.

Alhamisi alikwenda mwenyewe. Mimi nilifuata nyuma, hatua ishirini. Kamati ilikuwa chumba kilekile, ofisa mwingine wa bara, mnene, mwenye mafua. Mtoto wa baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake, kanzu imenyooka. Nilipoingia alinitazama mara moja tu. Nilikuwa nimejiandaa. Akisema simjui, nilikuwa na lile shati jekundu na lile sikio, na safari hii nisingelimeza.

"Mzee," ofisa akauliza, "unamjua huyu msichana?"

Wenzake hujibu wameketi. Yeye akasimama.

"Namjua. Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Alizaliwa Waberi. Mimi ndiye niliwabeleka Hagadera wakati wa njaa. Mimi ndiye niliwafundisha kusema uongo. Na watoto wangu bia."

"Bia?" ofisa akainua kichwa.

"Bia, bia. Wao vilevile, walikuwa huko."

Mtu mlangoni akacheka. Mimi nilikuwa nangoja akwame, ajikanyage, anitaje kwa ubaya, aseme ndugu yangu amenifanyia hivi na hivi. Hakunitaja. Aliandikisha majina ya wanawe wawili yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, ofisa akiandika na kupenga kamasi. Kisha akatoka bila kungoja kuambiwa kwamba hayumo tena kwenye kamati.

Binti yangu amepewa karatasi ya kusubiria. Ofisa alisema sasa inakwenda Nairobi na safari hii haina kizuizi. Anaibeba kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya kitabu. Yule mwana mwalimu ameitwa apeleke karatasi zake, na wanasema wengi wa namna yake wanasamehewa siku hizi. Sijui. Sijauliza.

Jumamosi nilikwenda kwa yule mwalimu wa pochi.

"Nataka kubadilisha," nikamwambia. "Nilibonyeza hiki, sasa nabonyeza kile."

"Haiwezekani, adeer."

"Mkubwa wako yuko wapi?"

"Hakuna mkubwa."

"Nipe basi karani wa chini. Nipe mtu yeyote ninayeweza kumnunulia chai."

Akajizuia kucheka, nikaona. "Adeer, wewe ndiye uliyesimama ukapiga makofi. Hakuna wa kumnunulia chai. Ulikuwa na ufunguo, ukaukataa. Hakuna duniani anayeweza kuukubali kwa niaba yako."

Maisha yangu yote nimezitukana ofisi, na siku ile ningebusu dirisha la karani yeyote, hata yule aliyenipa kibanda. Lakini msinielewe vibaya. Sikutaka kumsaidia. Nilitaka tuwe sawa. Sipendi mtu awe na kitu juu yangu, na yeye anacho sasa, amekipata kwa kusimama na kusema neno moja bila kulazimishwa.

Amefungua pochi mpya. Imeandikwa mgeni. Ngamia wake wana alama shingoni ambayo hapa kila mtoto anaijua, lakini wanunuzi wa mbali hawajui shingo za hapa, kwa hiyo anauza kupitia madalali, mwisho wa safu, mahali wanapokaa vijana wanaoanza. Pochi mpya inataka mashahidi watatu. Nikaiweka simu yangu sauti ya juu. Nikawa naitazama hata nikila. Haikulia. Siku ya nne nikasikia kwamba wametimia: shemeji yake, imamu mmoja, na binti yangu. Binti yangu amefungua pochi yake mwenyewe, kwa maneno yake kumi na mawili, na kitu cha kwanza alichobonyeza humo ni Namjua.

Nilimuuliza walinzi wake ni nani. Akasema mama yake, rafiki yake wa chuoni na adeer. Adeer ni yule. Akaendelea kuosha vikombe.

Ijumaa iliyopita msikiti ulijaa, nikasukumwa mpaka safu yake, bega likagusa bega. Tukaswali. Tulipotoa salamu kulia na kushoto, uso wangu ulifika kwake na wake ukafika kwangu, maana ndivyo swala ilivyo. Kisha kila mmoja akatafuta viatu vyake. Simpendi. La kwanza alinikania mtoto, na hilo pengine ningelizeeka nalo likapungua. La pili amenishinda, mbele ya mtoto huyohuyo, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe.